Baridi Haiingii, Joto Hutoka: Kufundisha Mada ya Joto kwa Kazi ya Fundi wa Mabomba

Makala haya yanawahusu walimu wanafunzi watakaofundisha sayansi katika madarasa ya juu ya shule za msingi. Kusudi lake ni kuonyesha jinsi kazi moja ifanyikayo mbele ya macho ya watoto, yaani kuchomelea mabomba ya chuma nje wakati wa baridi na upepo, inavyoweza kutumiwa kufundishia mada ya joto. Pamoja na hayo, makala yataeleza hatari iliyomo katika kazi hiyo, ili mwalimu asije akanunua maarifa kwa macho ya watoto.

1. Jambo nililolishuhudia

Mwishoni mwa Julai ya mwaka mmoja nilikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya eneo la Ilongero, kaskazini ya mji wa Singida. Asubuhi ilikuwa ya baridi, na upepo wa Singida, ambao hauhitaji kuelezwa kwa mtu aliyepata kuishi huko, ulikuwa ukipuliza vumbi uwanjani. Katika darasa la sita mwalimu mwanafunzi alikuwa ameandika ubaoni: "Metali hutanuka zikipata joto na kusinyaa zikipoa." Watoto waliisoma sentensi hiyo kwa pamoja mara nne.

Nje, kiasi cha hatua hamsini kutoka dirishani, fundi alikuwa akichomelea mabomba ya feleji ya kisima kirefu. Katika visima vya namna hiyo bomba la kwanza huteremshwa shimoni, la pili husimamishwa juu yake, nayo huchomelewa pamoja mdomoni mwa shimo kabla ya kuteremshwa tena. Fundi yule alikuwa amesimamisha bati na turubai upande utokao upepo. Kabla ya kuunga, alizungusha mwali wa gesi kwenye ncha za mabomba yote mawili. Mtoto mmoja aliyeketi karibu na dirisha akainua mkono: "Mwalimu, mbona fundi analichoma bomba kwa moto kabla hajaanza kuliunga?" Mwalimu mwanafunzi akamjibu, "Hilo si somo letu. Tazama ubaoni."

Wakati wa mapumziko watoto walikimbilia kwa fundi wakamzunguka, wakiutazama ule mwanga mweupe. Hapakuwa na mtu mzima aliyewazuia. Mimi mwenyewe nilikuwa ofisini nikijaza fomu ya ukaguzi. Siku ya pili watoto saba hawakufika darasani. Macho yalikuwa mekundu, yakitoa machozi, na wazazi wao walisema kwamba usiku kucha walilia kana kwamba wametiwa mchanga machoni. Walipona baada ya siku mbili. Fomu yangu haikuwa na mahali pa kuandika jambo hilo, nami sikuliandika.

Siku ile tulifanya makosa mawili. Tulilifukuza swali jema, na tulilifuata jibu lake pasipo mwalimu. Sehemu zinazofuata zinajaribu kuyasahihisha yote mawili.

2. Maarifa ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo

Katika Kiswahili tunasema "baridi imeniingia". Ni usemi mzuri wa mazungumzo, na mtoto asichekwe akiutumia. Lakini katika sayansi hakuna kitu kiitwacho baridi kinachoingia mahali popote. Kilichopo ni joto linalotoka katika kitu chenye joto zaidi kwenda katika kitu chenye joto kidogo. Mtoto akishika komeo la chuma alfajiri huhisi ubaridi, kwa sababu chuma hulichukua joto la mkono upesi kwa njia ya mpitisho. Akishika ubao wa mlango uleule hahisi hivyo, ingawa komeo na ubao vimelala usiku mzima katika hewa moja na vina halijoto sawa.

Hii ndiyo siri yote ya kazi ya fundi. Umeme unaporuka kati ya rodi na bomba hutoa joto kali mno, na feleji, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi, hugeuka uji. Tangu nukta hiyo joto linatafuta pa kutokea. Bomba nene lililolala nje usiku kucha hulivuta kwa mpitisho kutoka pande zote, na upepo huondoa hewa iliyopata moto na kuleta nyingine iliyo baridi. Kwa hiyo ubaya hautokani na ubaridi wenyewe bali na upesi wa kupoa. Upesi huo huleta madhara yafuatayo:

(a) Uji wa chuma huganda kabla haujashikamana sawasawa na kingo za bomba. Kiungo huonekana kizuri kwa nje, kumbe ndani hakikushika.

(b) Feleji iliyo kando ya kiungo huwa ngumu lakini huvunjika kama kigae. Wahunzi wanalijua jambo hili tangu zamani: shoka likitolewa motoni likiwa jekundu na kutumbukizwa majini, makali yake huwa magumu. Mhunzi huutaka ugumu huo kwenye makali. Fundi wa mabomba hautaki kwenye kiungo, kwa kuwa bomba hutikiswa, hubebeshwa uzito na kusukumwa na maji. Bomba nene na baridi linalolizunguka chuma la moto hufanya kazi ileile ya maji ya mhunzi.

(c) Asubuhi ya baridi huja na umande. Unyevu ulio juu ya bomba au katika rodi zilizowekwa ovyo huvunjwavunjwa na ule mwako ukatoa haidrojeni, nayo huingia katika chuma kilichoyeyuka. Chuma kikiwa kimekakamaa kwa kupoa upesi, haidrojeni hiyo huweza kukipasua. Ufa hauonekani papo hapo. Huweza kutokea baada ya saa nyingi, hata siku moja au mbili, fundi akiwa amekwisha kwenda zake.

(d) Chuma kikipoa husinyaa. Mita moja ya feleji hubadilika kiasi cha milimita 0.012 kwa kila nyuzi moja. Hesabu hii yafaa kupewa watoto: bomba la mita 100 lililolala juu ya ardhi likiwa na nyuzi 15 alfajiri, kisha likapigwa na jua hadi nyuzi 45, hurefuka milimita 36, yaani kadiri ya upana wa vidole viwili. Jua likizama, bomba hurudi. Kama ncha zote mbili zimefungwa, mvuto huo wote huangukia viungo.

Sasa tunaweza kumjibu yule mtoto wa dirishani. Fundi huzungusha moto ili akaushe umande, na ili bomba lisiwe na kiu kubwa ya joto la kiungo. Huweka turubai ili upepo usimsaidie bomba. Huziba mdomo wa pili wa bomba, kwa sababu bomba lililo wazi pande mbili hupitisha upepo kama dohani. Huweka rodi mahali pakavu, na zile za namna maalumu huzikausha katika tanuri dogo. Amalizapo, hufunika kiungo kwa kitu kikavu kisichoungua ili kipoe polepole, wala hakimwagii maji.

Huenda msomaji akauliza kama Ilongero pana baridi ya kutosha kuhangaikia. Ni kweli kwamba huko hakuna theluji. Uwanda wa Singida uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai huwa na ubaridi wa kumfanya mtu atafute koti, wala si zaidi ya hapo. Lakini upepo na umande wake vyatosha kumsumbua fundi, na kanuni ni ileile popote duniani. Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lililokamilika mwaka 1968, liliungwa kupitia nyanda za juu za Iringa na Mbeya, ambako wakati wa kipupwe baridi huwa kali kuliko ya Singida. Huko Alaska, Marekani, mafundi waliunga bomba la mafuta la kilomita 1,287 kati ya 1975 na 1977, katika nchi ambayo majira ya baridi halijoto hushuka chini ya nyuzi 40 kasoro sifuri. Kila kiungo kilipaswa kupigwa picha ya eksirei. Mwaka 1976 iligunduliwa kwamba baadhi ya picha zilikuwa za uongo, na viungo kwa maelfu vikatiliwa shaka. Funzo lake laeleweka hata darasani: ukaguzi wa uongo hauuzibi ufa.

Karibu na nyumbani kuna mfano mwingine. Njia ya bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, yenye urefu wa kilomita 1,443, inapita katika Mkoa wa Singida. Mafuta ya Hoima yana nta nyingi na huganda yakipoa. Kwa sababu hiyo bomba lake limesanifiwa kuvikwa tabaka la kuhifadhi joto na kupashwa moto kwa umeme, ili mafuta yakae na nyuzi 50 hivi au zaidi. Kiwanda cha kuyavika mabomba hayo kilijengwa Sojo, wilayani Nzega. Mtoto wa Singida anayejifunza jinsi joto linavyotoka katika chuma anajifunza habari za mkoa wake mwenyewe.

3. Majaribio matatu yasiyohitaji maabara

Majaribio haya yanahitaji jiko la mkaa, mshumaa, majembe mawili, sindano tatu za kushonea, koleo, makopo mawili yanayolingana na maji ya moto. Mwalimu ayafanye yote peke yake siku moja kabla ya somo.

Jaribio la kwanza: nta juu ya chuma. Chukua majembe mawili yaliyosafishwa. Moja liache nje tangu usiku, jingine lipashe moto kidogo mpaka mkono uhisi joto bila kuungua. Dondoshea kila moja matone matano ya nta ya mshumaa. Juu ya jembe baridi nta huganda mara moja ikiwa tone la mviringo, na ukiibandua kwa ukucha hutoka nzima. Juu ya jembe lenye joto nta hutandaa na kushika. Usiwaambie watoto sababu. Waulize: "Nta ni ileile na mshumaa ni uleule. Ni kitu gani kilichotofautiana?"

Jaribio la pili: sindano tatu. Sindano ya kwanza usiitie motoni. Ukiipinda kidogo hurudi. Ya pili iweke katika makaa mpaka iwe na rangi ya chungwa, kisha iache humohumo mpaka jiko lizimike na majivu yapoe. Hii itapindika kama waya bila kuvunjika. Ya tatu ipashe vivyo hivyo, halafu itumbukize majini kwa ghafula, kikombe kikiwa karibu sana na jiko. Ikunje kwa koleo, nayo itakatika. Jaribio hili hufanywa na mwalimu mwenyewe, na sindano ifunikwe kwa kitambaa inapokunjwa ili kipande kisimrukie mtu machoni. Usitumie msumari wa kawaida. Feleji yake ina kaboni kidogo, kwa hiyo tofauti haitaonekana. Feleji ya mabomba nayo ina kaboni kidogo kuliko ya sindano, hivyo mwalimu aseme ukweli kwamba sindano inakuza jambo ambalo katika bomba hutokea kwa kiasi kidogo zaidi.

Jaribio la tatu: makopo mawili. Yajaze maji ya moto kwa kipimo kimoja. Moja liweke penye upepo, jingine nyuma ya ukuta, yote kivulini. Watoto wapime kwa kipimajoto kila baada ya dakika mbili na kuandika katika jedwali. Pasipo na kipimajoto, maji yawe ya moto wa kuvumilika, nao wayashike makopo na kulinganisha. Hapo upepo wa Singida, ambao kila siku hutupeperushia karatasi za andalio la somo, utakuwa zana ya kufundishia isiyonunuliwa.

4. Hatua za somo

Mpango ufuatao ni wa vipindi viwili vinavyofuatana, jumla dakika 80.

Utangulizi (dakika 10): Watoto washike komeo na ubao wa mlango, waseme wanachohisi. Majibu yao yaandikwe ubaoni kama walivyoyasema, pamoja na "baridi inaingia".

Maarifa mapya (dakika 50): Jaribio la nta dakika 20 katika vikundi, la sindano dakika 15 mbele ya darasa, la makopo dakika 15 nje. Sindano ya pili iwe imeandaliwa mapema. Katika darasa la watoto themanini au zaidi, kila kikundi kipewe jaribio moja kisha kitoe taarifa kwa wengine.

Matumizi (dakika 10): Mwalimu achore ubaoni mabomba mawili, turubai na mwali wa gesi. Watoto waeleze kila kitu kina kazi gani, kwa kutumia walichokiona.

Hitimisho (dakika 10): Mwalimu arudi kwenye ile sentensi ya "baridi inaingia" na kuuliza, "Baada ya tuliyoyaona, ni kitu gani kiliingia, na ni kitu gani kilitoka?" Watoto wenyewe waisahihishe. Sentensi iliyosahihishwa na watoto hukaa muda mrefu kuliko kumi zilizoandikwa na mwalimu.

5. Usalama: jambo lisilo na mjadala

Mwanga wa kuchomelea una mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni wala halihisi inapoingia. Maumivu huja baadaye, kwa kawaida baada ya muda wa saa 6 hadi 12. Ndiyo maana mtoto hutazama mchana akicheka na kulia usiku, wala mzazi hajui chanzo. Miwani ya jua haitoshi, na kutazama kati ya vidole si kinga.

(a) Mwalimu akutane na fundi siku moja kabla, wapatane saa ya kuja na saa ambayo fundi hatawasha.

(b) Watoto waone bomba kabla ya kuungwa, ngao ya uso, turubai na rodi. Baadaye waone kiungo kilichokwisha kupoa. Wakati wa kuchomelea wawe nyuma ya ukuta.

(c) Kiungo kisiguswe kwa kudhaniwa kimepoa. Chuma hupoteza wekundu wake mapema, lakini hubaki cha kuunguza kwa muda mrefu.

(d) Mabomba yaliyopakwa zinki yakichomelewa hutoa moshi wenye sumu. Watoto wasikae upande unakoelekea upepo.

(e) Mtoto akiumia macho, asiyasugue, wala asitiwe maziwa au dawa za kubahatisha. Afunikwe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi na apelekwe zahanati.

(f) Kama kuna fundi anayechomelea karibu na shule, mwalimu wa zamu na akae nje wakati wa mapumziko, hata kama siku hiyo hakuna somo la joto.

6. Makosa ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kutoa kanuni kabla ya jambo lenyewe kuonekana. La pili ni kumwona fundi kama mtu wa kuburudisha watoto. Yeye ni mwalimu mwenzetu kwa saa moja, aheshimiwe, aulizwe, na ashukuriwe mbele ya darasa. La tatu ni kuogopa swali ambalo hukulitazamia. Mwalimu anaweza kusema, "Swali lako ni zuri, tutalichunguza kesho," mradi kesho hiyo ifike.

7. Hitimisho

Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alionya juu ya elimu inayomtenga mtoto na jamii inayomzunguka. Mara nyingi tunalidhania onyo hilo linahusu jembe na shamba la shule tu. Lakini ukuta kati ya ule ubao na yule fundi ulikuwa wa matofali machache, na katikati yake palikuwa na dirisha wazi. Mtoto mmoja alilitumia, nasi tukamwambia ageuke.

Walimu wanafunzi wenzangu, mkifika vituoni mwenu, kabla ya kuandika azimio la kazi zungukeni kijijini siku moja. Tazameni nani anafua chuma, nani anachimba kisima, nani anaunga bomba. Andikeni maswali ambayo mtoto angeuliza, mjaribu kuyajibu wenyewe kwanza. Na siku mtakaposikia mlio wa kuchomelea karibu na uwanja wa shule, jambo la kwanza liwe kuwaondoa watoto machoni pa mwanga ule. La pili liwe kuwaandalia somo.